Miaka Sita Nimekalia Rangi

Gari langu ni Harrier ya 2004, toleo lile ambalo madalali wanaliuza bila haya kwa jina la "tako la nyani", eti kwa sababu ya taa zake za nyuma. Jina sikulichagua mimi. Mimi nilichagua siti za ngozi. Siku ya kwanza pale yadi, dalali alifungua mlango wa dereva polepole, kama mtu anayemfunua bibi harusi, akasema, "Mzee, nusa." Nikanusa. Nikalipa. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza, mingine inakuja.

Njoo unuse leo. Kuna dagaa wa Kirumba, gunia moja tu nililompakilia shemeji mwaka juzi, likavuja mpaka kwenye reli za kiti. Kuna vumbi la Igoma. Kuna jasho la miaka sita, langu mimi, juu ya jasho la Mjapani aliyenitangulia. Na ukitaka kukaa, karibu, ila shika mlango kwanza, maana ubavu wa kulia wa kiti cha dereva umekwisha. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ukipanda na ukishuka makalio yanapita palepale kila siku, kama ng'ombe wanaokwenda lamboni kwa njia moja mpaka njia inageuka korongo. Mimi nimo ndani ya korongo. Mtu akiniona kwa nje anadhani nimeinamia dirisha kusikiliza umbea wa bodaboda. Kumbe nimezama.

Ngozi yenyewe imepasukapasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa tisa. Ukivaa suruali nyepesi unashuka na ramani yake mapajani. Daktari niliyempelekea mgongo aliniuliza, "Mzee, unalalia nini?" Nikamwambia, daktari, uliza ninakalia nini.

Na kabla hujaniambia ninalalamika sana, nikueleze habari ya daraja. Zamani nikienda ukweni Sengerema nilikuwa na kivuko. Watu walikilaani kile kivuko, foleni yake, jua lake, wanaochomekea. Mimi kimoyomoyo nilikipenda. Unafika Kigongo, unazima gari, unashuka, unanunua hindi la kuchoma, unaegemea boneti, na mgongo unarudi mahali pake pingili moja baada ya nyingine. Ukifika Busisi wewe ni mtu mpya. Basi Juni 2025 wakafungua daraja, kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, na safari iliyokuwa inakula saa nzima, mara nyingine zaidi, ikawa dakika chache. Kanda ya Ziwa yote ikashangilia. Mimi nilipiga makofi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika kiuno.

Halafu kuna jua. Mgeni akija Mwanza anapata upepo wa ziwa usoni, anasema, "Huku kwenu baridi nzuri." Upepo huo unakudanganya. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua likitoka halina mbali pa kusafiri. Kazini kwetu gari naliegesha chini ya jiwe. Wageni wanayapiga picha mawe yetu, sawa, ni mazuri, lakini jiwe la Mwanza ni jiko. Asubuhi linakupa kivuli, mchana linakurudishia joto lote lililokusanya, na siti inakaangwa pande mbili kama sato.

Nikaamua kuitibu mwenyewe nyumbani, kwa sababu fundi siti wa kwanza niliyemwuliza alitaja shilingi laki nne na nusu huku akitazama viatu vyangu. Na hapo ndipo nilipogundua msiba wa kuishi Usukumani ukiwa na shida ya ngozi. Hii ni nchi ya ng'ombe. Kumwuliza Msukuma habari za ngozi ni kama kumwuliza Mpemba habari za karafuu: hutatoka hapo kabla ya magharibi, na utatoka na kazi ya kufanya.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, mzee mstaafu, ambaye kila asubuhi hunisalimia "Mwangaluka" kwa sauti ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Alizunguka gari, akabinya siti kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hii ina kiu," akasema. "Bibi zetu walikuwa wanapaka ngozi samli, mpaka unaikunja kama shuka. Tafuta samli ya kienyeji, si hiyo ya dukani." Nikaitafuta. Robo lita nzima. Nikaipaka Jumamosi jioni, nikaisugua kwa kitambaa, siti ikang'aa kama paji la uso la mchungaji siku ya mavuno. Nililala vizuri. Jumapili asubuhi nilikuta mstari wa sisimizi umetoka kwenye msingi wa nyumba, umepita uani, umepanda tairi la mbele, umeingia kwa mlango wa dereva. Walikuwa wanakwenda na kurudi kwa nidhamu ambayo sijawahi kuiona kwenye kituo cha daladala chochote cha mji huu. Tulikwenda kanisani kwa bajaji.

Mama watoto akasema samli ni ushamba, dawa ni mafuta ya nazi. Ya nazi yaliniachia madoa mawili ya duara nyuma ya suruali ya kaki, nami sikujua mpaka niliposimama mbele ya bodi kuandika hesabu za robo mwaka ubaoni, mgongo kwao. Kijana wa kuosha magari akanipulizia dawa ya kung'arisha, ile ya kopo. Nilipofunga breki Mabatini kumkwepa mtu wa mkokoteni, gari lilisimama, mimi niliendelea, mpaka magoti yakagonga chini ya usukani. Fundi viatu akanishauri kiwi. Siti zangu ni rangi ya chai ya maziwa, kiwi yake ilikuwa rangi ya chai ya rangi, na mama mkwe alikuwa amevaa gauni jeupe. Hilo sitalieleza zaidi. Bado linazungumzwa Sengerema.

Lakini mtaalamu aliyenimaliza alikuwa Kirumba, mwaloni. Nilikwenda kununua kitoweo nikakosea kunung'unika kwa sauti. Muuza samaki mmoja, mzee mwenye gumboti na kofia ya sufu saa sita mchana, akaniita pembeni. "Mafuta ya sangara," akanong'ona, kama anayeniuzia nyara ya serikali. "Wazungu wenyewe wanatumia mafuta ya samaki kwenye ngozi." Nilicheka. Baadaye nikaja kujua kwamba mzee hakuwa amekosea kabisa: ile ngozi laini sana ya kufutia vioo vya magari, ya asili, husindikwa kwa mafuta ya samaki tangu enzi na enzi. Bahati mbaya mzee hakunieleza ni ngozi gani na inasindikwa lini. Alinipimia chupa ya soda, nikaenda kupaka.

Kwa wiki tatu nilikuwa na paka. Si paka wangu. Walikuwa paka wa mtaa, paka wa kazini, paka mmoja wa chongo aliyenifuata kutoka gereji mpaka nyumbani sijui kwa usafiri gani. Wanakaa juu ya boneti, wanaangalia ndani kwa kioo, wananisubiri kama waandishi wa habari wanavyomsubiri waziri. Wafanyakazi wenzangu waliokuwa wakiomba lifti kila jioni wakaanza kusifia mazoezi ya kutembea.

Aliyenikomboa ni binti wa dada yangu. Na hapa naomba nijitukane mwenyewe kabla hujanitukana. Huyu binti anasomea mambo ya ngozi. Anasomea hapahapa Mwanza, kampasi ya DIT, ambayo kabla ya DIT kuichukua ilikuwa Chuo cha Teknolojia ya Ngozi cha taifa. Yaani watu hufundishwa ngozi darasani katika mji huuhuu ninaoishi, mwalimu mtarajiwa ananiita mjomba, na mimi nimekwenda kuomba ushauri kwa muuza sangara.

Alikuja Jumapili kula. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akasogelea gari, akarudi nyuma hatua mbili. "Mjomba, umemwagia nini humu?" Nikamtajia dawa zangu kwa utaratibu niliozitumia. Alisikiliza kama padri kwenye maungamo. Kisha akachovya kidole kwenye glasi ya maji, akadondosha tone moja juu ya kiti, mahali pasipopasuka. Tukaliangalia, yeye, mimi na paka mmoja. Tone likakaa, la mviringo, likitetemeka, kama umande juu ya jani la mgomba. Halikuzama.

"Umeona? Ngozi tupu ingekunywa. Hii ina koti. Kiwandani wameipaka rangi, halafu juu ya rangi wakaweka utando mwembamba wa plastiki, ili isinywe chai wala jasho. Siti karibu zote za magari ziko hivyo. Mjomba, hujawahi kuigusa ngozi ya hili gari. Unakalia rangi."

Miaka sita.

Akaendelea, maana msomi akianza huwa haoni kwamba chakula kinapoa. Bibi wa samli alikuwa sahihi, akasema, kwa sababu ngozi yake ilikuwa tupu, mafuta yaliingia na kupita kati ya nyuzi zake zikateleza bila kukwaruzana. Ngozi ya gari hutiwa mafuta yake kule kiwandani, ingali na maji, kabla ya kupakwa. Ukishaivalisha koti, samli yako inabaki juu kuwangoja sisimizi. Akanieleza usindikaji wa chumvi za kromi, ulioenea tangu mwisho wa karne ya 19, na ule wa zamani wa maganda ya miti. Akanikumbusha kwamba kule Njombe kuna kampuni, TANWAT, iliyoanzishwa 1949 kwa ajili ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi. Nikamwuliza hiyo dawa haiwezi kusaidia siti yangu. Akaniangalia kwa huruma. Akapapasa nyuma ya kiti, pembeni, na kwenye kilalio cha kichwa, halafu akasema jambo ambalo hata adui hasemi mezani: "Na huku kote, mjomba, si ngozi. Ni plastiki iliyochapwa vinyweleo. Ngozi huwa wanaweka pale unapokalia na unapoegemea tu."

Nilitaka kumpigia dalali simu. Kisha nikakumbuka wengine waliojua siku nyingi. Gari likizidi umri wa miaka 8, serikali hukutoza ushuru wa ziada wa uchakavu pale linapoingia nchini. Niliulipa nikinung'unika, nikisema huo uchakavu wanauona wapi. Waliuona. Mimi ndiye niliyekuwa nanusa.

"Na mgongo wako," binti akamalizia, "haumizwi na ngozi wala plastiki. Bonyeza hapa." Nikabonyeza ubavu wa kiti. Kidole kikaingia, nikakitoa, shimo likabaki. "Sponji imekufa. Unapaka mafuta nyumba ambayo msingi umebomoka."

Jumamosi iliyofuata tukafungua kiti. Binti alitoa masharti mawili: kwanza toa waya wa betri, usubiri, pili, chini ya kiti kuna soketi ya njano, hiyo ni ya eabegi ya ubavuni, ukiichomoa usiguse swichi ya gari mpaka uirudishe. Nikasema nimeelewa, mimi ni mtu mzima. Spana namba 14, bolti nne. Mbili zilifunguka kwa heshima. Ya tatu ilikuwa imeshikana kwa kutu na maji ya dagaa, ikanifanya niseme maneno ambayo mzee wa Mwangaluka aliyasikia upande wa pili wa ukuta, akakohoa.

Kiti cha umeme kina uzito wa mtu aliyelewa. Mimi na kijana wangu tulikitoa kwa kukikumbatia, tukakilaza juu ya turubai chini ya mwembe. Chini yake tulikuta historia ya gari: dagaa wakavu tisa, kalamu tatu, risiti ya mafuta ambayo bei yake ilinitoa machozi, sarafu ya yeni 5 yenye tundu katikati, na kibanio cha nywele.

"Hiki cha nani?" mama watoto akauliza.

"Cha Japani."

"Japani ipi?"

Binti, Mungu ambariki, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Gamba la kiti limefungwa kwa vipete vya waya, unavikata kimoja kimoja kwa plaizi, na kila kimoja kinakukumbuka kidoleni. Tulipolivua nikaona kilichokuwa kinanichoma: fremu ya waya imekata sponji taratibu mwaka baada ya mwaka, kama uzi unavyokata ugali, na ile ya ubavuni imekuwa unga wa njano. Ukiishika inabaki mkononi. Nilikuwa nimekalia chuma, kilichofunikwa plastiki, iliyopakwa samli.

Binti alikuwa amesema sponji ya gari ni nzito, nitafute haidensiti kwa mafundi sofa. Lakini yeye alikuwa amerudi chuo, na stoo kulikuwa na godoro la wageni. Kwani wageni wanakuja mara ngapi? Nikakata kipande kwa kisu cha mkate, nikakichonga kwa mfano wa ubavu wa kushoto, nikakibandika kwa ile gundi ya njano ya mafundi viatu, nikarudisha kila kitu. Siku nne nilikaa kama sultani. Siku ya tano nilianza kushuka. Siku ya nane nilikuwa korongoni tena, na wageni kutoka Geita walikuwa wamekuja, na godoro lina shimo lenye umbo la kiti cha gari. Mgeni mkubwa alilala na shimo hilo kiunoni. Asubuhi aliniuliza daktari wangu ni nani.

Mara ya pili nilitii. Vipande vya haidensiti, mabaki ya sofa ya mtu mwenye uwezo, elfu 25 baada ya kuvutana. Unakisimamia kipande kwa goti, kinabonyea kidogo, ukiondoka kinarudi palepale kama deni. Kipande kinene ubavuni, chembamba chini, kitambaa kigumu kati ya sponji na waya ili usikate tena, na mfuko wa nailoni juu yake ili gamba liteleze wakati wa kulivalisha. Kuvalisha ndiko kazi ilipo. Mimi nilikalia kiti, kijana akavuta, jirani akashikilia vipete, akitueleza jinsi babu yake alivyokuwa anawamba ngoma. Sponji ya zamani iliyobaki tuliifufua kwa pasi ya moto juu ya taulo bichi. Mvuke ukiingia inafura taratibu, unaiona kwa macho. Hiyo ni sehemu pekee ya kazi nzima niliyoifurahia, na ndiyo iliyounguza taulo zuri.

Kuhusu uso wa siti, nitasema kwa ufupi kwa sababu sikupewa kuugusa. Binti alirudi, akaosha kwa sabuni isiyo kali, maji kidogo na brashi laini, akifuta kila alipopita. Maji yaliyotoka yalikuwa mchuzi kamili. Akaziba nyufa, akapitisha msasa laini, akapaka rangi ya ngozi aliyochanganyiwa mjini. Rangi hiyo iko karibu na ya siti kama kisiwa cha Saanane kilivyo karibu na Capri Point: unakiona vizuri, lakini maji yako katikati.

Na ndiyo, niliwasha swichi wakati kiti kiko nje. Nilitaka kusikiliza mpira. Taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi mpaka leo, nyekundu, ikinitazama.

Lakini kiti! Nilipokaa mara ya kwanza nilifunga macho. Mgongo uliuliza tumefika wapi. Naona barabara yote, naona hata paa la daladala iliyo mbele. Paka wamepungua mpaka wawili. Nikamwita mama watoto ajaribu. Huyu ana leseni tangu kabla hatujanunua gari, ila kwa miaka sita amekataa usukani, anasema hawezi kukaa ndani ya shimo lenye samaki. Akakaa. Akasogeza kiti mbele kwa umeme, akakiinua, akaegemea. Akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyomzoea.

"Baba," akasema, "leta ufunguo."

Tangu siku hiyo anaendesha yeye. Mimi nakaa kiti cha abiria, ambacho hakijaguswa na fundi, na ambacho, sasa ndiyo najua, ndicho gunia la dagaa lilichokilalia. Jumapili iliyopita tulikwenda Sengerema. Nilivumilia mpaka Kigongo, tulipoanza kupanda darajani nikamwomba asimamishe dakika moja ninyooshe mgongo.

"Hapa hairuhusiwi kusimama," akasema, akarekebisha makalio yake kwenye haidensiti yangu, akaongeza mwendo.